Anachosikia Opio Ukutani

Mengo, Jumanne jioni

Nimewaficha watu wote kwamba ile sauti yangu ya alfajiri si maombi. Huwa naongea na marehemu mke wangu, Tabitha. Namweleza nilivyolala, namlaumu kwa kunitangulia. Tangu tumzike sijamwomba Mungu neno lolote.

Leo jirani yangu Opio, polisi mstaafu, aliniletea ndizi.

"Mzee, pombe mimi naacha kabisa. Kila asubuhi nasikia sauti yako kwa ukuta, wewe naomba, mimi naona haya. Sasa mke yangu nacheka, naita mimi mulokole, mtu ya wokovu!"

Nikacheka naye. Kisha akapiga magoti sakafuni, mtu mzima na mvi zake.

"Fundisha mimi hiyo maneno."

Daktari ameniambia moyo wangu umechoka, kwa hiyo nafasi ya kumwambia ukweli huenda isirudi. Nami nikamjibu tu, "Mungu anakusikia hata ukinyamaza." Akanishukuru mno.

Najiambia nilinyamaza ili asirudie chupa. Lakini hiyo siyo...

Kusema kweli, kila alfajiri nikisikia mlango wake ukifunguliwa, namwacha Tabitha, napaza sauti na kuanza kumtaja Bwana ili anisikie.