Walivyoniacha Kwenye Mwezi wa Barafu

Jumatatu, 3 Machi

Wameniacha. Nimesimama kwenye mwezi wa barafu na Punda ndio hicho kinapanda, moto wa bluu chini yake, halafu kidoti, halafu hakuna kitu. Punda ni chombo chetu. Tulikiita hivyo kwa sababu hakiwaki mpaka kipigwe.

Na Shemeji, mume wa dada yangu, amekaa hapo pembeni yangu! Kule ukumbini kwa gemu viti vimebanana, kati yetu kuna kipande cha plaiwudi tu. Namsikia anavyomeza mate. Mtu yuko ubavuni kwangu, ananiacha angani.

Ilikuwa hivi. Tulikuta chombo cha kale kimezama kwenye barafu. Mimi ndiye fundi. Nikakata moyo wa injini yake, saa nzima, nikawapelekea mpaka mlangoni. Nikarudi kuchukua kikatio changu. Kimbunga cha mawe kikaja. Shemeji ndiye kapteni, akauliza, wote ndani? Kinyozi, rubani wetu, akasema ndani. Mimi nikanyamaza. Nakimbia, mawe yanapiga kofia, nikajua tu wataona taa ya kiti changu bado nyekundu. Siku zote mimi ndiye naangalia taa za viti kabla hatujaruka. Leo niko nje, nani aangalie?

Shemeji anavua hedifoni anacheka. "Bubu, si ungesema?" Bubu ndiye mimi, jina kanipa yeye. Akasema tutakufuata.

Nina hewa ya siku tano. Inapungua hata ukizima gemu. Ikiisha, yule mtu wangu anafutwa, harudi tena. Miezi kumi nimemjenga.

Jumanne, 4 Machi

Nimeunguza kola ya shati la mteja. Miaka mitatu napiga pasi kwa dobi, sijawahi kuunguza hata leso. Bosi kauliza kama naumwa. Nikasema hapana.

Mezani Shemeji kamhadithia dada yangu, kafanya kichekesho. Kasimama kabisa kuigiza ninavyokimbia na kikatio. Dada kacheka kidogo, kaniangalia, kaacha.

"Mfuateni basi mdogo wangu."

"Gemu tu hiyo, mke wangu."

Gemu tu. Na Desemba, alipokwama kwenye lile pango la gesi? Kwa hofu kontrola ilimponyoka mikononi. Nilimfuata na kamba, nikamtoa nimebakiza hewa ya dakika mbili. Siku hiyo hakusema gemu tu. Siku hiyo nilikuwa shujaa mpaka tulipofika nyumbani.

Nilitaka kumwambia hayo. Lakini nala kwake, nalala kwake. Kila nikifungua mdomo nakuta tonge lake humo humo.

Jumatano, 5 Machi

Hawakuja. Wameupeleka kwanza moyo wa injini kituoni. Wamepandishwa cheo wote wawili, nyota zinamwagika skrini nzima, Shemeji anapiga makofi peke yake. Ikaandikwa orodha ya walioupata. Mimi kusoma kwangu ni kwa kuokoteza, niliishia la nne. Ila jina langu nalijua lilivyo. Halipo.

"Kesho, Bubu. Kesho mapema sana."

Nikageukia skrini yangu. Chini ya kile chombo cha kale kuna kijichombo kimekwama, kile cha kukimbilia wakati wa hatari. Viti vinne. Mlango hakina. Injini ndogo imeganda, lakini haijafa. Nimeigonga nikasikia inaitika.

Alhamisi, 6 Machi

Nimekwenda kunyolewa. Kinyozi hakuwa anaongea, na yule ni mtu wa kuongea mpaka na kioo. Akafika nyuma ya sikio, akazima mashine.

"Fundi. Taa yako niliiona."

Nikamtazama kwenye kioo.

"Nilimwambia kapteni sikioni. Akasema tukimsubiri yule, mawe yatatoboa tanki na moyo tutaukosa. Akasema washa."

"Ukasema ndani."

"Nikasema ndani."

Nikavua kile kitambaa shingoni, nikatoka. Upande wa kushoto kakata, wa kulia bado. Watu barabarani wananitazama. Watazame.

Kwa hiyo si kwamba sikusema. Alijua! Alijua, akarudi nyumbani akaniigiza mbele ya dada yangu.

Leo hasira imenisaidia kazi. Nimeyeyusha barafu yote kwenye injini. Mlango nimeutengeneza kwa bati la meza ya kile chombo cha kale, nikauchomelea pande tatu. Wa nne bati halikutosha.

Ijumaa, 7 Machi

Nimeruka!

Lazima niandike yote. Niliingia, nikajifunga. Nikawasha, ikakohoa. Nikawasha, ikakohoa. Mara ya tatu ikashika. Barafu ikapasuka chini yangu, kijichombo kikaenda kombo kama mlevi, na kimbunga kile kile kikanikuta nusu ya njia. Dirisha ni moja tu. Mawe yanakuja makubwa kama nyumba. Sikuyakwepa kwa macho, niliyahesabu. Toka juzi nimekaa nayaangalia — madogo matatu, kubwa moja, halafu kimya kidogo. Kwenye kile kimya ndipo nilipopita. Bati la mlango likang'oka. Hewa inatoka, inatoka. Halafu mwezi ukaachia. Ule mzigo wote ukaachia, giza likatulia, nyota hazitingishiki.

Nikapiga ukelele. Sijui niliita nini. Ukumbi mzima ukageuka, mwenye ukumbi kasimama na ufagio wake. "Kumbe lina sauti hili?" Sikuona hata aibu.

Nimeokota mtungi wa hewa unaoelea. Mtu wangu ni mzima.

Jumamosi, 8 Machi

Saa tatu asubuhi. Shemeji kabisha hodi. Mlango wangu huwa habishi, anaingia tu.

Kasema, "Shemeji." Toka nihamie hapa sijasikia akiniita hivyo.

Punda kimekufa. Kimesimama katikati ya pete ya vumbi, yeye na Kinyozi ndani. Injini imeungua. Kumbe alidhani inajipoza yenyewe! Miezi kumi nimekaa kule nyuma naipoza kwa mkono, kila dakika, yeye anajua inajipoza. Hewa yao inaisha saa tano. Hakuna chombo kingine karibu, ni changu tu.

"Viti vinne unavyo," kasema. Kwa hiyo alikuwa anachungulia.

Nikamuuliza, "Taa yangu uliiona?" Sauti ilinitoka nyembamba, lakini ilitoka.

Kaangalia viatu vyake. Kasema twende kwanza, tutaongea njiani.

Sijui kama nitakigeuza kijichombo kwenda kwenye vumbi au nitakwenda zangu. Kweli sijui. Ukumbi unafunguliwa saa nne, na sasa yuko mlango wa mbele ananisubiri, namsikia anamwambia dada tunaongozana. Naondoka sasa hivi kwa mlango wa uani, niende ukumbini peke yangu. Nikitembea naye njia nzima atanibembeleza, na mimi nikibembelezwa nakubali kabla sijaamua.