Nilichosema Mbele ya Washirika

Kambi Muru, Kibera
14 Agosti 1996

Kwako dada yangu Nelima,

Pokea salamu zetu za huku. Natumaini barua hii itakukuta mzima wewe, shemeji na watoto, na kwamba mguu wa Mama umepata nafuu tangu mlipompeleka kwa daktari. Mimi naendelea, ila nina uchovu ambao hata kulala hakuuondoi. Walubengo ni mzima. Amepoteza meno mawili ya mbele na anajiona mtu mkubwa. Pale Soko la Toi kazi imekuwa ya viraka tu wiki hii, na cherehani inasumbua.

Barua yako niliipata kwa mkono wa Mideva, nimeisoma mara tatu. Unasema kina kaka wamekasirika, na kwamba Jumamosi ya mwisho wa mwezi watapanda basi waje wanichukue mimi na mtoto, na mume wangu Wanzala wampige hata mamake asimtambue. Ndiyo sababu nimekaa chini kukuandikia. Nakuomba usome hadi mwisho kabla hujamwonyesha mtu yeyote.

Najua mmesikia mengi, na huko nyumbani hakukosi wa kuongeza chumvi. Ilikuwa hivi. Wanzala anatengeneza vitanda Kawangware, kwenye ploti ya Mzee Mburu, ambaye pia ni mzee wa kanisa letu. Anafanya kazi na mwenzake Morris, yule wa kupiga msasa na vanishi. Siku moja Mzee Mburu aliingia karakanani bila kubisha, akawakuta wamekumbatiana kama mtu na mkewe. Mtu mwingine angeapa kwa mbingu na nchi kwamba si kweli. Wanzala alipoulizwa na wazee wa kanisa alijibu kuwa ni kweli, yeye na Morris ni miaka mitano sasa. Nilipomuuliza kwa nini hakukana, aliniambia amechoka.

Tangu hapo nyumba yangu imegeuka ofisi. Pasta Ndegwa alikuja na Biblia yake, akasema malazi yangu yametiwa unajisi, kwamba Mungu aliumba mume na mke na hakukosea, na Maandiko yananiruhusu kuondoka. Si mtu mbaya, dada. Alipomwombea Wanzala alilia machozi ya kweli. Kesho yake akaja Lavender, jirani yangu anayefanya kazi na shirika moja la kushauri watu mambo ya ukimwi. Huyo na kanisa ni mbali na mbali. Alisema watu wazima wawili wakipatana hawajamkosea mtu, kwamba kosa ni kudanganya na kulazimisha, na nisimchukie Wanzala kwa vile alivyo. Nikashusha pumzi. Halafu akaniuliza, na wewe je, nani anakupenda wewe? Akaniambia niondoke nikatafute maisha yangu. Basi mmoja kwa Biblia, mwingine kwa haki za binadamu, wote wawili wakanitaka nifunge virago. Kama ninataka kuondoka, hakuna aliyeuliza. Niliwapikia chai wakanywa.

Kamati ya kanisa ikaamua Wanzala atengwe Jumapili mbele ya washirika wote. Na kwa sababu mimi ni katibu wa kina mama, nisimame niseme kwamba nilidanganywa, kwamba siku ya ndoa sikujua kitu. Nikisema hivyo, nabaki na cheo changu na naendelea kushiriki Meza ya Bwana. Nikikataa, basi nilikuwa nimemfichia dhambi yake, na natengwa pamoja naye.

Jumapili iliyopita nilisimama. Wanzala alikuwa ameketishwa mbele peke yake, amevaa lile shati la bluu nililomshonea. Pasta akaniuliza, nami nikajibu hadi walioketi nyuma wakasikia: "Sikujua. Alinidanganya."

Kina mama wakaguna, na Sella, mwenzangu aliyeketi karibu nami, akanishika bega. Wanzala aliinamisha kichwa. Alipoulizwa kama ana neno, alisimama akasema, "Mke wangu asilaumiwe kwa lolote," kisha akatoka nje. Sasa analala kwa Morris, na karakana Mzee Mburu amewafungia.

Nelima, nilijua. Aliniambia mwenyewe kabla hatujafika kwa pasta yeyote, akasema hana hamu na wanawake na hataki kunichezea. Nami nikamwambia yangu. Nilikuwa na mimba ya miezi miwili ya yule mwalimu wa kwaya, yule aliyehamishwa, mkamwimbia siku ya kumuaga. Kanisa la nyumbani lingenitenga, na Baba unamjua. Mimi ndiye niliyemwomba Wanzala anioe. Alifikiria siku mbili, akakubali.

Unakumbuka mtoto alivyolia bila kunyamaza, hadi mama mkwe akaanza kumwitia majina ya wafu wao, mmoja baada ya mwingine? Alipotaja Walubengo, jina la marehemu mume wake, mtoto akanyamaza. Mpaka leo humwita "mume wangu" na kumwekea ndizi mbivu. Damu yao hana, dada. Wanzala alikuwa amesimama hapo hapo siku hiyo na hakusema kitu. Angeweza kusema Jumapili, watu wote wakanigeukia mimi, na bado hakusema. Na mimi nikamtupa ili nisinyimwe mkate na kikombe. Woi, dada, naona aibu. Hata ile mimba haikuniaibisha hivi.

Sijui Mungu anasema nini juu ya Wanzala, na wanaosema wanajua ni wengi. Juu yangu najua, kwa maana amri ya kutomshuhudia mwenzako uongo ni wewe uliyenifundisha, shule ya Jumapili. Jumapili hii nitasimama tena, nikipewa nafasi au nisipopewa. Habari ya mtoto sitaisema kanisani. Hiyo nitakuja kumwambia mama mkwe kwa mdomo wangu, na ninaogopa sana.

Nisalimie Mama, umwambie Walubengo anamwulizia kila siku. Msalimie shemeji, na watoto uwabusu kwa niaba yangu. Kina kaka waambie wasipande hilo basi. Na wakikataa kukusikia, kama shida yao ni kumpiga aliyedanganya, wasihangaike kumtafuta Kawangware. Waje hapa Kambi Muru wamwulizie Mama Walubengo. Wataonyeshwa nyumba, nami nitawafungulia.

Ni mimi mdogo wako,
Nabalayo