HAPANA Kubwa Kwenye Ghala

Jumamosi, 3 Oktoba

Leo nimeandika kwenye ghala. HAPANA 131. Rangi nyeupe juu ya nyekundu, herufi ndefu kunizidi mimi, inasomeka kutoka barabara kuu hata na mtu aliyesahau miwani. Hiyo N imelala upande kidogo.

Ngazi ilikuwa inacheza. Kila uchaguzi mke wangu Lorna alisimama chini, mguu mmoja kwenye kidato cha kwanza, ananisomea kile kijitabu cha serikali hoja moja moja na kunifokea nisianguke. Tumemzika Aprili. Sikujua kama uzito wa mguu wake ulikuwa unasaidia kiasi hicho.

Hiyo hoja 131 ya uchaguzi huu sijaisoma. Ya nini? Redio ilisema "vijito na mifugo" nikaizima palepale. Vijito na mifugo vikitajwa pamoja ujue watu wa jiji la Portland wameamka. Mwaka jana wametupigia kura, wao walio wengi, wakapitisha sheria: ng'ombe wasikanyage ukingo wa kijito, eti samaki wanasumbuka. Kuanzia Januari ama uzungushe seng'enge pande zote mbili na uchimbe mabirika ya kunyweshea, ama uuze. Kijito cha Camas kinapita katikati ya shamba langu tangu babu yangu! Ng'ombe wangu wanywe nini, kahawa? Mimi seng'enge yote hiyo siiwezi, kwa mikono wala kwa mfuko. Januari ikifika hivi, kundi linakwenda mnadani.

Na hiyo 129 ya bajeti nayo! Wanataka tena fedha za mfuko wa mazingira. Mwaka wa kwanza walisema fedha ni za mito, wa pili za hewa, na katikati yake basi la shule la huku kwetu likafutwa. Hapana, hapana, hapana. Nimepiga hivyo tangu nilipopata haki ya kupiga. Mjini Hadley wananiita Bwana Hapana na sijawahi kukasirika.


Jumatatu, 5 Oktoba

Nimekwenda kijiweni, mgahawa wa Neva. Dell alikuwepo, mumewe Neva, jirani yangu wa upande wa bonde. Na wale wengine wa kila siku. Nilipoingia waliacha kuongea.

Nimesema habari za asubuhi. Wakaitikia. Mmoja akaangalia saa, akasema ana trekta linamsubiri. Halafu mwingine naye ana trekta. Matrekta yote ya Hadley yamepata haraka siku moja!

Neva alinimiminia kahawa bila kunitania. Huyo mwanamke amenitania tangu tukiwa darasa la pili. Nadhani hawajui waseme nini na mtu aliyefiwa na mke. Miezi yote hii? Nimekunywa, nimelipa, nimeondoka.


Alhamisi, 8 Oktoba

Mvua nyembamba. Sikuongea na mtu leo isipokuwa Sajini, na yeye ni mbwa.


Jumamosi, 10 Oktoba

Siku ya kushusha ng'ombe kutoka mlimani. Hapa hakuna anayealikwa. Jumamosi ya pili ya Oktoba ni yangu, ya tatu ni ya Dell, na watu wanajijia wenyewe na farasi zao kabla ukungu haujainuka. Wanaume wanapanda mlimani, wake zao wanapanga vyungu kwenye meza yangu, jioni tunatenga ndama na mama zao huku tunatukanana kwa furaha. Mwaka baba yangu alipofariki walikuja. Mwaka nilipovunjika mguu walikuja, wakanicheka, wakafanya kazi.

Nilichemsha lile birika kubwa la kahawa. Nikatoa vikombe vyote vya Lorna, hata vile vya maua ambavyo aliwakataza wageni kuvigusa. Nikakaa barazani.

Hakuna aliyekuja.

Ukungu ukainuka. Kahawa ikapoa. Nikasema labda nimekosea tarehe, nikaenda kuangalia kalenda ukutani. Sikukosea. Nikatandika farasi, nikapanda na Sajini peke yetu. Tumeshusha wengi, wachache wamebaki huko juu na ndama zao na sijui theluji itawakuta wapi. Kutenga ndama sikuweza, lango la zizi linahitaji mtu wa pili.

Niseme wazi, humu hakuna anayesoma: nimelia. Si kwa ajili ya ng'ombe. Nimelia nilipokuwa narudisha vile vikombe kabatini visafi kama nilivyovitoa.


Ijumaa, 16 Oktoba

Karatasi za kura zimefika kwa posta, maana huku tunajazia nyumbani na kutumbukiza bahasha kwenye sanduku mjini. Jana Dell alipita barabarani na pikapu, nikainua mkono. Aliinua kidole kimoja kutoka kwenye usukani. Kwa watalii tunainua vidole viwili.


Jumapili, 18 Oktoba

Baada ya kanisa nimekaa mezani na karatasi ya kura. Zamani hii ndiyo ilikuwa siku yetu. Lorna anasoma, mimi napinga, yeye anasema "Orrin, subiri nimalize sentensi." Leo sikuwa na wa kunizuia. Nimeshuka na kalamu: Hapana, Hapana, Hapana. Imechukua muda mfupi kuliko kula yai. Bahasha sijaibandika wala kuitia sahihi. Nilikuwa nalamba gundi simu ikalia.

Corinne. Binti yangu!

Hatujaongea sawasawa tangu maziko. Siku ile, mbele ya vyakula vya watu wa kanisa, aliniambia kwamba ile sheria ya kijito aliipigia kura, na nikamjibu kwa sauti ambayo nyumba nzima ilisikia. Tangu hapo ni "hujambo Baba, sijambo, haya." Lakini leo alikuwa analia na kucheka kwa pamoja.

Akasema mtu amelipiga picha ghala letu na picha imezunguka mpaka imemfikia Portland. "Baba, sikuamini. Nimeitazama mpaka nimeikariri. Najua imekugharimu nini kuandika vile mbele ya watu wote wa huko. Mama angejivunia wewe."

Mimi nikasema mm.

Akasema anachukua likizo. Anakuja siku ya uchaguzi, atakaa wiki nzima. Na kura yake haitii kwenye sanduku la huko, anakuja nayo tuzitumbukize pamoja Hadley, kama alivyokuwa akifanya na mama yake alipokuwa mdogo, akibebwa afikie tundu.

Nikasema njoo, mwanangu. Njoo. Nikakata simu. Furaha ilinijaa. Baadaye ndipo nikaanza kujiuliza: imenigharimu nini? Kujivunia nini?


Jumatatu, 19 Oktoba

Nimekwenda kwa Dell. Nikamkuta yeye na Neva wanapakia majani makavu. Nikamuuliza bila salamu: nimewakosea nini?

Dell akavua glavu taratibu. Akasema, "Orrin, ghala lako."

Nikamwambia ghala langu limesema Hapana kama linavyosema kila mwaka.

"Ndiyo hayo! Bwana wee, safari hii hoja ni yetu. 131 ni ya kuifuta ile sheria ya kijito. Ukisema Ndiyo, inafutwa. Ukisema Hapana, inabaki. Mimi mwenyewe nimezunguka maonyesho ya mifugo Juni nzima nakusanya sahihi za watu ili ipigiwe kura, jua kali, nanuka mbuzi. Wewe hukuja."

Nikasema nilikuwa na msiba.

"Najua. Ndiyo maana hakuna aliyekuja kukuuliza. Tuliona lile neno, tukasema basi, binti yake amempata. Mtu na mwanawe, unaingiliaje?"

Neva alikuwa ameketi juu ya majani amejishika tumbo. Alicheka mpaka machozi. "Yaani hukusoma! Orrin Haskell, Lorna kaondoka miezi michache tu na wewe tayari umejiunga na samaki!" Halafu akaacha kucheka ghafla, akaja akanikumbatia na kuniomba radhi kwa ile Jumamosi. Alisema chungu cha maharage alikuwa ameshakipika. Kilikaa jikoni kwake mpaka jioni, kisha wakala wenyewe bila hamu.

Dell akasema, "Paka rangi upya, mzee. Jumamosi nakuletea watu wote. Ndama tunawatenga, waliobaki mlimani tunawashusha. Vyungu na matusi kama kawaida."

Nimerudi nyumbani nikiwa mwepesi mpaka nilipoliona ghala kutoka barabarani. Nikakumbuka Corinne.


Jumanne, 20 Oktoba

Nimetoa ngazi na kopo la rangi nyekundu. Nimepanda mpaka kwenye H. Nikashuka.

Niko na karatasi ya kura mbele yangu. Sheria inaruhusu ukikosea ukate kwa mstari, utie alama upande mwingine. Ni mstari mmoja tu! Na ng'ombe ni ng'ombe. Siwezi kuwapigia kura waende mnadani ili mtoto anipende. Hilo hata Corinne mwenyewe asingeliheshimu.

Nimekata. Nimetia Ndiyo kwenye 131. Ndiyo ya kwanza maishani mwangu, na mkono uliuma. Nimebandika bahasha, nimetia sahihi.

Kwa hiyo kura imesema ukweli. Ghala ndilo bado.


Jumatano, 21 Oktoba

Corinne ametuma ujumbe anauliza kama kitanda chake bado kipo. Kipo. Nimefua shuka.


Jumamosi, 24 Oktoba

Dell alikuja peke yake. Akasimama getini na pikapu ikinguruma, akaangalia juu. Akauliza kama nimekosa rangi. Nikasema rangi ninayo. Akauliza kama nimekosa mtu wa kushika ngazi. Nikasema si hivyo.

Nikamweleza habari za Corinne. Yote. Akazima pikapu. Kisha akasema, "Mimi nakuelewa. Wenzangu sijui. Kila anayepita barabara hii anasoma ukuta wako, Orrin, hasomi moyo wako." Akaongeza kwamba kama binti yangu anampenda baba ambaye hayupo, siku moja atamtafuta na kumkosa.

Nilimkasirikia sana. Bado nimekasirika.

Akanisaidia na lango la zizi. Sisi wawili tumetenga ndama waliokuwepo. Hakukubali chakula.


Alhamisi, 29 Oktoba

Theluji ya kwanza. Mama ng'ombe wanalilia ndama zao usiku na mchana, na ndama wanajibu kutoka upande wa pili wa ukuta. Kila mwaka Lorna alifunga madirisha siku hizi. Mimi nimeyaacha wazi, angalau ni sauti.

Simu nimeinua mara nyingi leo. Namba ya Corinne naijua kwa kichwa. Nimeirudisha.


Jumatatu, 2 Novemba

Kesho. Nimeoka pai ya boga kwa kufuata mwandiko wa Lorna. Imezama katikati. Kopo la rangi nimeliweka mlangoni, ili nikimwambia, nimwambie huku naliona.


Jumanne, 3 Novemba

Amefika! Amekonda, ana mvi moja mbele, na amecheka kama mama yake alipoona pai. Kabla ya kuingia ndani alisimamisha gari chini ya ghala, akanishika mkono, akatupiga picha. "Sema Hapana, Baba!" Nikasema. Nisamehewe, nikasema. Nadhani hata nilitabasamu.

Halafu akafungua nyuma ya gari. Nguzo za chuma. Seng'enge, marobota. Glavu jozi mbili. Alisema amejifunza kusimika nguzo mwezi uliopita, wikiendi zote, kwa mtu mmoja nje ya Portland, mikono yake ikavimba. "Najua huwezi peke yako. Hii itatosha kipande cha kwanza tu, lakini nitarudi kila wikiendi mpaka Januari. Tutakizungushia Camas chote, na ng'ombe hutauza hata mmoja." Akanionyesha viganja. Malengelenge ya kweli, mengine yamepasuka.

Nikasema, "Corinne, lile ghala..."

Akanikatiza. "Usiseme kitu, Baba. Nitalia tena. Twende kabla sanduku halijafungwa."

Bahasha zote mbili amezichukua yeye, ziko mapajani mwake kwenye pikapu, yangu juu ya yake. Imebandikwa. Hawezi kujua kilichomo. Hakuna atakayejua kamwe, kura ni siri, naweza kupanda tu na kuendesha mpaka Hadley. Mbele ya sanduku watakuwepo Dell na Neva na wote, na wao wanajua sikuisoma.

Nimemwambia nimesahau kofia. Naandika nimesimama, kopo la rangi liko mguuni pangu. Kumwambia ni sentensi moja. Lorna angesema subiri nimalize, kisha angeisema.

Anapiga honi. Nikitoka namwambia. Ama getini. Ama baada ya kura, tukiwa tunarudi.

Honi tena. Kofia ninayo mkononi tangu nilipoingia.