Hita ya Gari Lako Inafanya Kazi Tena

Mama Wangui,

Gari lako limetembea leo, na hita inafanya kazi. Nimekaa hapa jikoni nikitafuta mtu wa kumwambia hivyo. Sikumpata, basi nakuandikia wewe.

Tangu tukuzike lilikuwa limesimama chini ya kibanda cha mabati, kuku wakilala juu ya boneti. Wiki za kwanza watu walijaa hapa, wakapika, wakaomba, halafu kila mtu akarudi kwa shamba lake. Siwalaumu. Lakini bado nasonga ugali wa watu wawili. Mkono unapima wenyewe. Jioni nafungua redio, nayo inasema na watu wote isipokuwa mimi.

Wangui amejifungua. Msichana tena, huyu wa pili. Mumewe yuko kazini mbali, hakupewa ruhusa, kwa hivyo akanipigia simu kutoka hospitali huko Nyeri akaniuliza kama naweza kuwachukua na gari lako, maana baridi ya mwezi huu ni kali na mtoto ni mdogo sana. Nilikubali kabla sijafikiri. Unanijua mimi na usukani. Miaka yote wewe ndiye uliyeendesha, ukileta nyanya kutoka Kutus mpaka sokoni Chaka, mimi nimekaa kushoto nikishika chochote ulichonipa nishike.

Kiti chako bado kiko mbele pale ulipokiacha. Magoti yaligonga chini ya usukani. Sikukisogeza. Nikaenda hivyo hivyo, malori yakinipigia honi.

Nilikuwa nimepita Chaka nikielekea Nyeri nilipoanza kusikia harufu tamu ya maji ya injini yanayovuja. Kioo kikajaa ukungu kwa ndani, mshale wa joto ukapanda. Nikaegesha kando, nikafungua boneti, mvuke ukanipiga usoni. Nikataka kuingiza mkono papo hapo. Hapo nikakusikia, vile ulivyozoea kuniambia: "Wacha ipoe kwanza. Kwani nani anakufukuza?"

Nikangoja. Ilipopoa nikaona kile kiungo cha plastiki kinachoshika paipu ya hita nyuma ya injini kimekatika. Ni uzee tu. Nusu ilikuwa mkononi mwangu, nusu imekwama ndani ya mpira wa paipu, na maji yote yalikuwa chini kwenye majani.

Nikarudi Chaka na bodaboda, kile kipande mfukoni. Mwenye duka la spea karibu na soko alikigeuzageuza, akatabasamu.

"Hii ni ya ile gari ya mama wa nyanya," akasema. "Siku hizi haonekani. Ako salama?"

Mama Wangui, sikuwa nimewahi kulisema jambo hilo kwa mdomo wangu. Kanisani pasta alilisema. Kwa simu Wangui ndiye aliyelisema. Mimi nilikuwa nikiitikia tu. Nikamwambia yule mtu, kati ya betri na mikebe ya oili, kwamba ulifariki. Akavua kofia. Wateja wakaingia, akawaacha wangoje. Mwishowe akasema, "Mzee, pole. Alikuwa ananikemea kila wiki, na sikujua ameenda."

Akanishauri nizunguke ile hita, niunganishe paipu mbili gari liende bila joto na mambo yaishe, maana wenye magari kuukuu wengi hufanya hivyo. Ningefika. Lakini nikafikiria Wangui na mtoto kwenye ile barabara, upepo wa mlima ukiingia kwa milango isiyofunga vizuri. Nikakataa. Akatafuta mpaka akapata kiungo cha chuma kinachotoshea, akaongeza klipu mpya ya kubana paipu na mtungi wa maji.

Niliporudi kwenye gari nilitoa kile kipande kilichokwama kwa bisibisi, kikivunjika vidogo vidogo. Nikakata ncha ya mpira iliyopasuka. Nikapiga magoti kwenye matope na suruali ya kanisa. Nilikaza klipu, nikalegeza, nikakaza tena, kwa sababu nilikumbuka jinsi ulivyokuwa ukinisimamisha nisikaze sana nikakata mpira. Kisha nikajaza maji, nikawasha injini, nikafungua hita mpaka mwisho, nikangoja hewa itoke. Maji yalitoa mapovu, yakatulia. Nilipoweka mkono pale ndani, upepo ulikuwa moto.

Niligeuka upande wa kushoto, pale nilipozoea kukaa mimi, nikuambie. Kiti kilikuwa kitupu. Hapo ndipo nililia, mzee mzima, watu wa bodaboda wakipita.

Wangui hakuuliza kwa nini nimechelewa. Aliketi nyuma, akamfungua mtoto shali kidogo, akasema, "Baba, kuna joto kama nyumbani." Kisha akalala. Sikumwambia habari ya paipu. Niliwaendesha polepole mpaka kwao, ng'ambo ya Chaka.

Mlangoni alinizuia. Unajua wa kwanza alichukua jina la upande wa baba yake. Huyu ni wako, wa kuchukua jina lako. Wangui akaniwekea mtoto mikononi akasema, "Mwite wewe kwanza."

Tangu Wangui azaliwe sijawahi kukuita ila Mama Wangui. Nilimwinamia mtoto. Nikasema, "Muthoni." Akapiga miayo, akakunja uso, akaendelea na usingizi wake.

Sasa nimerudi. Nyumba iko kimya, na ugali ni mwingi tena. Sitakudanganya kwamba nimezoea. Lakini gari haliuzwi, hata wavulana wetu wakisema liuzwe. Kila Jumapili baada ya kanisa nitaliendesha mpaka kwa Wangui, nimbebe yule mtoto, nimwite jina lake kwa sauti, mpaka siku ataitika.

Lala salama, Muthoni.

Mimi wako,
Baba Wangui