Umati Uliokuja kwa Ajili Yako

Dada yangu wa huko mbali,

Hatujambo, ila bomba la jikoni bado linavuja na fundi anaendelea kutupiga kalenda.

Mbio za kuichangia wodi ya figo zimekwisha salama. Nilizunguka mtaani hadi viatu vikalegea, nikiomba watu wajitolee kugawa maji na kuelekeza wakimbiaji. Nikapata majirani wachache, tena wa kusukumwa. Ndipo wewe ukaweka ile video mtandaoni, ukasema mama yetu anatibiwa pale, ukalia kidogo. Kesho yake simu yangu haikupumua. Asubuhi ya mbio uwanja ulifurika vijana, na kila aliyefika kwenye meza yangu ya maji aliuliza, "Kumbe wewe ndiye mdogo wake yule dada wa kwenye video?"

Nilicheka nao, lakini roho iliniuma.

Mama naye alikuwa kwenye kiti cha magurudumu, akiwaonyesha wauguzi picha yako kwenye simu. "Huyu ndiye mwanangu anayenihangaikia," aliwaambia. Mimi nilikuwa nyuma yake, nakisukuma kile kiti.

Yeye sitamwambia. Nakwambia wewe. Chukua likizo uje, umwogeshe, umpeleke kusafishwa damu, umsikilize akilalamika njia nzima. Kama ni kukuonea wivu, bora nikuonee ukiwa humu ndani, tukigombania nani amshike mkono.

Mdogo wako, anayekupenda hata akiwa amenuna.