Foronya Kumi na Moja

Mji wa Kale,
Mombasa.
19 Desemba, 1996

Kwa dada yangu Mapenzi,

Shikamoo dada. Bwana Yesu asifiwe. Natumai barua hii itakukuta u mzima, na lile goti limepunguza kukusumbua tangu mvua zikatike. Huku tu wazima wa mwili, twamshukuru Mungu kwa hilo, ingawa mioyo ni mambo mengine. Nisalimie wote hapo Kaloleni, na mjukuu wetu mpya, binti wa Tsofa wako. Nimesikia ananyonya mpaka mamake anajificha.

Barua yako Tsofa alinikabidhi pale Mwembe Tayari aliposhuka basi. Foronya ziko tayari, kumi na moja, kila moja na jina la mwenyewe. Kumi atakuletea yeye, moja imebaki hapa. Krismasi hii hakuna kugombania mito, kama mwaka jana ambapo Chonga wa kaka Dzoro alilalia mitatu na sisi watu wazima tukalalia mikono.

Pale ofisini Shimanzi ninapopika chai wameleta kompyuta na mashine yake ya kuchapa, yapiga kelele kama cherehani iliyokauka mafuta. Karani mmoja, Odera, aligundua kwamba ndani yake mna herufi kubwa zilizo wazi katikati, na maua na ndege wa kuzizunguka. Nikamwomba anichapie majina ya watu wangu. Alinicheka, akasema Mama Morgan, mashine hii imeletwa kwa ajili ya makontena, si mito. Nikamwongezea sukari kwenye chai, na saa ya chakula akanichapia. Jina lako lina ndege wawili. Nyumbani nililaza karatasi juu ya kitambaa, kaboni katikati, nikapitisha kalamu polepole, kisha nikadarizi. Mwenye nyumba wangu, Bi Mwanakuu, ambaye adarizi kofia tangu utotoni, ndiye aliyeninyosha mkono. Alisema herufi zangu za kwanza zatembea kama zimelewa.

Sasa dada, hapa ndipo kalamu inaponiwia nzito. Uliomba foronya ya kumi na mbili, ndogo, yenye jina Kanze, maana mtoto wa Tsofa atapewa jina la mama yetu siku ya Krismasi. Hiyo sikuishona. Karatasi ya jina hilo ninayo, nilichapiwa tangu Novemba kabla hujaniomba. Haikuwa ya mtoto wa Tsofa.

Nilimwota mama ameketi mlangoni pa Morgan wangu, akiomba maji. Mkewe, Wanza, alikuwa na mimba ya miezi saba, nami nikasema huyu ni mama anatujia. Nikachapisha jina, nikalidarizi kwa uzi mwekundu kwenye shuka dogo la kitambaa cha marekani. Bi Mwanakuu alipoliona alilisukuma kando, akaniuliza vipi namtandikia mgeni ambaye hajabisha hodi. Nawe wajua, hata kwetu mtoto hanunuliwi nepi kabla hajalia. Nikamjibu kwa kiburi kwamba sisi tuliookoka hatuyaogopi hayo.

Kaka Dzoro alikuambia mimba iliharibika. Haikuharibika, dada. Alizaliwa msichana, tarehe tano mwezi huu, ametimia viungo, ana nywele, ana kucha. Hakulia tu. Dzoro akasema mtoto asiyelia hana jina wala matanga, azikwe upesi, na Wanza asionyeshwe asije akaumia zaidi. Morgan alikuwa akitazama ukuta. Nami nikatii. Nikaachiwa kazi ya kumfunga, nikamfunga kwa lile shuka, jina nikaligeuzia ndani, kifuani pake, wasilione. Amezikwa na jina la mama. Ajuaye ni Mungu na mimi, na sasa wewe.

Nasali, na najua kwamba Mungu hamchukui mtoto kwa sababu ya sindano na uzi. Kujua najua. Moyo ndio haujakubali. Na Wanza huniuliza kama kuna yeyote aliyemwita mwanawe kwa jina, walau mara moja. Nimemjibu hapana. Mara nne, dada, mimi ninayeimba kwaya.

Kwa hivyo nakuomba, msimpe mtoto wa Tsofa jina hilo bado. Silikatazi. Lina mwenyewe, na mamake hajui. Wanza yuko hapa kwangu, amelala chumba cha ndani, juu ya ile foronya ya kumi na moja. Akiamka nitampa chai, kisha nimwambie yote. Akiridhia jina lipewe mwingine, nitaishona ile ndogo kwa siku moja. Akikataa, mtafutieni mtoto jina jingine, mniwie radhi. Na akinichukia, ni haki yake.

Nisalimie Dzoro, sina kinyongo naye. Mwambie Chonga mto wake sasa una jina, asijifanye hajui kusoma. Mungu awatunze hadi tuonane.

Karatasi za majina nimezikunja ndani ya foronya, ukitaka kuzishona tena zikichakaa. Ya Kanze nimebaki nayo. Wanza hakuonyeshwa mtoto wake, na mimi sina kingine cha kumwonyesha.

Ni mimi mdogo wako,
Mirriam