Sola Isiyo na Risiti

Metrine, ile sola niliyomtengenezea mama yako haipo tena. Usinipigie, siwezi kuongea.

Otiende, yule jirani dereva, aliibiwa sola yake juzi. Leo amekuja mlangoni kwetu na afande, akidai hii niliyokuwa bado sijaileta kwenu ni yake.

Afande akaigeuza. Nyuma hakuna jina la kampuni, ni mbao ya kabati tu. Akasema, "Risiti iko wapi?"

Risiti ya nini, Metrine? Ya seli mbovu nilizopewa na fundi, au ya kioo cha dirisha?

Nikasema nimeitengeneza mwenyewe. Otiende akacheka. "Wewe wa darasa la tano? Basi hata jua umelitengeneza wewe!" Watu wote waliojaa mlangoni wakacheka.

Nikamwambia afande kwamba nyuma ya seli nimetandika kitambaa cha sare yangu ya shule. Mama alishona jina langu hapo.

Akasema, "Fungua tuone."

Nikamwambia ikifunguliwa inakufa, maana gundi imeshika kila kitu. Akasema tena, "Fungua tuone."

Nikafungua. Mimi mwenyewe, kwa kisu cha jikoni. Seli zikavunjika zote kama maganda ya mayai.

Jina likaonekana. Afande akalisoma kwa sauti, "Nafuna Topista." Akasema, "Kweli, ni yako." Otiende akaangalia chini. Wakaondoka.

Mwambie mama yako asitupe taa ya mafuta.

Na unajua nilimwambia nini afande alipokuwa anatoka? Nilimwambia asante.